ifconfig ilienda wapi? Historia ya chombo ambacho bado kiko kwenye silabusi zetu



Kuko swali moja linarudiaka katika vikundi vyetu kila wakati wa testi za kazi. Mtu amekalishwa mbele ya ordinateri yenye Linux mupya, ameambiwa aonyeshe adresi ya mashine, ameandika ifconfig sawa vile alivyofundishwa, na mashine imemjibu: "commande introuvable". Jasho linaanza kutoka. Akitoka inje anauliza wenzake, na jibu anapewa ni lile lile: weka net-tools, itarudi. Jibu hilo si baya, ila linasahau kitu kimoja. Kama mashine haina mtandao, na ulikuwa unatafuta ifconfig kusudi uipatie mtandao, hiyo net-tools utaiteremusha kupitia wapi?

Wengi wanafikiri kwamba siku moja mtu fulani huko Ulaya aliamka asubuhi akaamua kutusumbua. Mimi nimejisomea historia ya jambo hili kidogo kidogo, usiku wakati megabaiti ziko bei ya chini, na nimeona mambo hayakwenda hivyo hata kidogo. Kati ya mwaka ambao mrithi wa ifconfig alitoka na mwaka ambao Debian iliacha kuiweka ifconfig kwenye mashine mupya, ilipita miaka 18. Kifo cha pole pole namna hiyo hakiwezi kuitwa cha ghafula. Na sababu yake, kwa maoni yangu, si kwamba chombo kilizeeka. Sababu ni kwamba kilianza kudanganya, na kilidanganya kwa njia mbaya kuliko zote: kwa kunyamaza.

Turudi nyuma, California, Chuo Kikuu cha Berkeley. Kuanzia 1980, DARPA, ofisi ya utafiti ya wizara ya ulinzi ya Marekani, ilikuwa inalipa kikundi kimoja pale kusudi waendeleze Unix. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET uliacha itifaki yake ya zamani, NCP, ukaingia TCP/IP, ile lugha ya mashine iliyobuniwa na Vint Cerf na Bob Kahn na ambayo simu uliyoshika sasa hivi inaitumia. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, Berkeley wakatoa toleo lao lililoitwa 4.2BSD. Ndani yake mulikuwa ifconfig, route na netstat. Mwisho wa mwaka, Desemba 1983, Mike Muuss, mutafiti kwenye maabara moja ya jeshi la Marekani, akaandika ping. Mwaka mumoja tu! Sehemu kubwa ya ile sura ya "Outils réseau" tunayokariri kwa mtihani ilizaliwa ndani ya miezi hiyo.

Sasa muwaze ulimwengu ambao ifconfig ilizaliwa ndani yake. Mashine ya VAX ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, chuo kizima kinaigawana. Ilikuwa na kadi moja ya mtandao, labda mbili, na kila kadi ilikuwa na adresi yake moja. Wifi hakuna, VPN hakuna, wala mashine za kubuni zinazoishi ndani ya mashine nyingine. Adresi zenyewe zilikuwa zimegawanywa kwa madaraja, A, B na C, kwa hiyo ukitaja tu adresi, chombo kinajua chenyewe mtandao unaishia wapi. Katika ulimwengu huo, ifconfig ilikuwa inajibu swali moja la haki kabisa: adresi ya kadi hii ni gani? Shikeni neno hilo vizuri: adresi, moja.

Linux ilikuja baadaye, 1991, kutoka kwa Linus Torvalds aliyekuwa bado mwanafunzi pale Helsinki. Mwanzoni haikuwa na mtandao. Kazi ya mtandao ilianzishwa na Ross Biro, ikachukuliwa na Fred van Kempen, kisha Alan Cox akiwa Swansea, kule Wales, akaitengeneza mpaka ikasimama. Van Kempen njo aliandika upya ifconfig, route, netstat na wenzao kwa ajili ya Linux, wakakusanywa ndani ya furushi moja lenye jina net-tools. Majina yaliachwa sawa sawa na ya Berkeley, na hilo lilikuwa jambo la akili: mtu aliyetoka kwenye Unix ya chuo chake alipaswa kukaa mbele ya Linux na kujisikia nyumbani.

Lakini kufanana kwa majina kulificha jambo moja. Pale Berkeley, kiini cha mfumo na vyombo vyake vilikuwa vinatengenezwa pamoja, na watu wamoja, ndani ya nyumba moja. Kwenye Linux, kiini ni kazi ya watu fulani, na vyombo ni kazi ya watu wengine. Kiini kikisonga mbele, hakuna anayelazimisha vyombo vifuate. Tutarudi hapo.

Namna gani ifconfig inaongea na kiini? Inatumia njia inayoitwa ioctl. Niwape mfano wa nyumbani. Fikirini karani wa komine mwenye fomu za kuandikisha watoto, na kila fomu iko na sanduku moja tu la jina la mtoto. Mama mmoja anakuja na mapacha. Karani anaandika wa kwanza, anafunga fomu. Yule wa pili hakukataliwa, hakufukuzwa, yuko pale amebebwa mugongoni, analia hata. Lakini kwenye karatasi hayuko. Na kesho mkubwa wa komine akiuliza familia hii iko na watoto wangapi, karani atajibu kwa roho safi: mumoja.

ioctl ni fomu hiyo. Ukiuliza adresi ya kadi, sanduku ni moja. Watu wa Linux walitafuta ujanja: kama unataka adresi ya pili kwenye kadi eth0, basi unabuni kadi ya uongo, eth0:1, na unaiandikia adresi hiyo. Ni kama kumuandikisha pacha wa pili chini ya mama ambaye hayuko duniani. Ilifanya kazi miaka mingi. Wengi wetu tuliona eth0:1 kwenye TP na kuambiwa kwamba ni "interface virtuelle", bila kuelezwa kwamba ni kiraka cha fomu iliyokosa nafasi.

Ilipofika kati ya miaka ya 1990, Mrusi Alexey Kuznetsov alichukua kazi ya kujenga upya sehemu kubwa ya mtandao ndani ya kiini. Matokeo yalionekana kwenye Linux 2.2, Januari 1999. Kadi moja sasa ingeweza kuwa na adresi nyingi bila ujanja wowote. Meza ya njia za paketi, ambayo zamani ilikuwa moja, ziliweza kuwa nyingi, pamoja na sheria za kuchagua meza gani itumike kwa nani. Kuongea na kiini pia kulibadilika: badala ya fomu, kukawa mazungumzo, njia inayoitwa netlink, ambapo jibu linaweza kuwa refu sawa vile linavyohitajika, na programu inaweza hata kubaki inasikiliza na kuambiwa kila kitu kinachobadilika. Muandike ip monitor siku moja, kisha mutoe na kurudisha kamba ya mtandao. Mutaona kiini kinaongea chenyewe.

Kuznetsov aliandika chombo kipya cha kutumia hayo yote, akakiita iproute2. Ndani yake njo mumo amri ip, na baadaye ss. Kitabu chake cha maelezo ya amri ip kina tarehe ya Aprili 1999. Kwa hiyo mwanafunzi anayeambiwa leo kwamba ip ni "kitu kipya" anaambiwa habari za kitu ambacho pengine kinamzidi yeye umri.

Hapa nataka nikae kidogo, juu hapa njo penye hatari. Mtu anaweza kusema: sawa, kipya kiko, cha zamani pia kiko, kila mtu ashike chake. Shida ni kwamba vyombo viwili vinatazama kiini kimoja, na kimoja kati yao hakioni kila kitu.

Nimeona hilo kwa macho yangu katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja jina. Walikuwa na serveri ndogo ya faili za wagonjwa, adresi yake 192.168.1.10. Fundi wao, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, alitaka kuihamishia kwenye 192.168.1.20. Mashine ilikuwa imewekwa toleo jipya, na fundi alikuwa amesikia kwamba siku hizi ni lazima kutumia ip. Akaandika ip addr add 192.168.1.20/24 dev enp2s0. Mashine haikusema kitu. Ili kuhakikisha, akatumia chombo alichokizoea, ifconfig, ambayo alikuwa ameirudisha pamoja na net-tools. Ifconfig ikamuonyesha 192.168.1.10, peke yake. Akarudia amri ya kwanza, mashine ikajibu: "RTNETLINK answers: File exists". Mtu anaelewa nini kwenye maneno hayo? Faili gani iko? Akaona hii amri mupya haifai, akaachana na mpango wa kuhamisha serveri, na ile adresi ya 20, aliyoamini kwamba iko wazi, akaipatia imprimanti ya mtandao iliyokuwa inatoa matokeo ya laboratwari.

Siku tatu imprimanti ilitoa karatasi wakati ilipopenda. Ordinateri ya daktari inachapa, ya laboratwari haichapi. Kesho yake kinyume. Matokeo ya malaria yakaandikwa kwa mukono na kupelekwa kwa miguu kutoka jengo moja mpaka lingine, na wagonjwa wamekaa kwenye banki wanangoja. Walibadilisha kamba, walibadilisha switch, walianza kusema ni imprimanti ya Kichina. Siku ya tatu, stajere mmoja, binti wa mwaka wa mwisho ambaye hakuwahi kuzoea ifconfig, akakaa mbele ya serveri na kuandika ip addr, kwa sababu hakujua namna nyingine. Kisha akageuka: "Yaya, hii kadi iko na adresi mbili."

Ilikuwa nazo tangu siku ya kwanza. Amri ya fundi ilikuwa imefanya kazi vizuri kabisa. Kila mara ordinateri ilipouliza kwenye mtandao nani ana adresi ya 20, wawili walijibu, serveri na imprimanti, na karatasi ikafuata bahati. Kingine kinachochekesha, kama si wagonjwa wale: adresi iliyowekwa kwa ip addr add haidumu, inapotea mashine ikizimwa. Umeme wa kawaida ungekatika mara moja tu, shida ingejimaliza yenyewe. Kwa bahati mbaya kituo kile kilikuwa na mitambo ya jua nzuri sana.

Munaona mutego wenyewe? Kwenye ifconfig, kuandika adresi mupya ni kuondoa ya zamani na kuweka nyingine. Kwenye ip addr add, kama neno lenyewe linavyosema, ni kuongeza. Fundi alitafsiri amri moja kwa nyingine neno kwa neno, sawa vile mtu anatafsiri Kifaransa kwenda Kiswahili na kamusi peke yake. Ilibidi aongeze mupya, kisha aondoe ya zamani kwa ip addr del. Na alama ya /24 pale mwisho si pambo. Ukiisahau kwenye ifconfig, chombo kitakisia kwa kufuata yale madaraja ya 1983, na adresi ya 10.1.1.5 kitaihesabu kama mtandao mkubwa wenye milioni za mashine. Ukiisahau kwenye ip, itachukua /32, maana yake mashine iko peke yake duniani, haina jirani hata mumoja. Vyombo vyote viwili vinakosea, lakini kila kimoja kwa upande wake.

Kwenye njia za paketi hali iko hivyo hivyo. Ofisi nyingi kwetu ziko na milango miwili ya kutokea, tuseme VSAT na modemu ya 4G, na mtu aliyezipanga vizuri ametumia meza mbili. Amri route -n itakuonyesha meza kuu peke yake. Utaapa kwamba paketi zinapita VSAT huku zinakula megabaiti za modemu. Mwenye kuandika ip rule ataona sheria zote, na ip route show table all itamletea meza zote. Na ziko kadi za mitambo mikubwa ya hesabu, za Infiniband, ambazo adresi yake ya chuma iko na baiti 20. Ukurasa wa maelezo wa ifconfig wenyewe unakiri kwamba njia yake inafika baiti 8 tu. Kutoka 1999, kila kitu kipya kilichoingia kwenye kiini kilikuwa pacha wa pili.

Basi juu ya nini hakuna aliyeitengeneza ifconfig ya Linux ili ione? Hapa tunarudi kwenye zile nyumba mbili. Toleo la 1.60 la net-tools lilitoka 2001. Kisha watu waliokuwa wanaitunza, wote wakiwa wa kujitolea, walienda kwa mambo yao, kazi ikalala miaka mingi. Debian 9, iliyotoka Juni 2017, bado ilikuwa inabeba net-tools yenye namba 1.60, na viraka vimeongezwa juu. Hakuna mkutano uliokaa ukahukumu. Kilichotokea ni kwamba kila usambazaji wa Linux, kwa wakati wake, ulitazama furushi hilo na kujiuliza: tunawapa watu kama chombo cha kawaida kitu ambacho karibu hakuna anayekiangalia? Arch Linux walitangaza 2011 kwamba wanaiacha. Red Hat Enterprise Linux 7, Juni 2014, ikawa haiiweki tena kwenye usakinishaji mdogo, na CentOS 7 ikafuata mwezi uliofuata. Debian 9 wakaitoa kwenye vitu vya lazima. Ubuntu 18.04, ile ya Aprili 2018 ambayo watu mingi kwetu walirukia kutoka 14.04, njo iliwashtua wengi.

Na waliruka pabaya, juu mambo matatu yaliwaangukia pamoja. Ifconfig hayuko. Jina eth0 pia halipo, limekuwa enp3s0 au kitu kama hicho, kwa sababu tangu 2013 systemd ilianza kuita kadi kwa kufuata fasi zilipochomekwa ndani ya mashine. Na faili /etc/network/interfaces, ile tuliyokariri kama sala, Ubuntu iliiacha kwa ajili ya netplan. Mtu akipoteza amri, jina na faili siku moja, hawezi kujua kipi kimemletea shida gani. Ninawahurumia kweli. Kama kuko lawama ya kuwapa watengenezaji, mimi naiweka hapo, si kwenye kuondoa ifconfig.

Kuna wale waliosema: sisi tunarudisha net-tools, skripti zetu za zamani zitaendelea. Hao walipata mshangao wao. Ndani ya zile net-tools zilizokuja na matoleo mapya, sura ya majibu ya ifconfig ilikuwa imebadilika. Zamani ilikuwa inaandika "inet addr:" mbele ya adresi. Mupya inaandika "inet" tu. Skripti zote zilizokuwa zinatafuta yale maneno mawili zikarudisha utupu. Chombo kilerudi, kimebadilisha sauti. Amri ip, kwa wanaoandika skripti, ina chaguo la -o linaloweka kila adresi kwenye mstari wake mumoja, na -j linalotoa jibu kwa muundo wa JSON, ambalo programu inasoma bila kukisia.

Sasa, mutu mwenye FreeBSD, OpenBSD au Mac ataniuliza: mbona kwangu ifconfig iko na ina afya? Ni kweli, na njo sehemu ya historia hii inayonipendeza kuliko zote. Kwa warithi wa Berkeley, kiini na vyombo viliendelea kuishi nyumba moja. Kadi ilipoanza kubeba adresi nyingi, ifconfig yao ilifundishwa neno alias na ikaanza kuzionyesha zote. Wifi ilipokuja, kwenye FreeBSD ifconfig ikajifunza wifi. Jina ni lile lile la 1983, chombo ni kipya kila mwaka. Kwa hiyo mutu akikuambia ifconfig imekufa, umuulize: ya wapi? Ile ya Linux iliachwa yatima. Ile ya BSD haikukosa wazazi.

Hata hukumu ya kustaafishwa yenyewe inaweza kugeuzwa. Watu wa BIND, programu inayobeba majina ya intaneti katika serveri nyingi, walipanga kuiacha nslookup, na kwa muda ilikuwa inatoa onyo kila ukiitumia, ikikusukuma kwenda kwa dig na host. Mwaka 2004, na toleo la BIND 9.3, wakabadili mawazo. Onyo likaondolewa, nslookup iko mpaka leo. Telnet haikupata huruma hiyo, na ni haki: inapeleka neno la siri bila kulifunika. Tatu Ylönen aliandika SSH mwaka 1995 pale Helsinki baada ya mtu kunasa maneno ya siri kwenye mtandao wa chuo chao. Kuko kustaafishwa kwa sababu ya usalama na kuko kustaafishwa kwa sababu ya kukosa mulinzi. Si vizuri kuvichanganya.

Najua wengi hapa munangoja nizungumzie silabusi. Nitazungumzia. Asistanti anayefundisha ifconfig 2024 si mjinga. Mara mingi labo iko na mashine za zamani, TP imeandikwa zamani, na kuchapisha silabusi mupya ni gharama ambayo hakuna anayetaka kuibeba. Lakini mwanafunzi njo analipa, siku ya testi. Kwa hiyo ninyi mulioko bado kwenye auditwari, fanyeni TP mara mbili: mara moja kwa amri ya silabusi ili mupate cote, mara ya pili kwa ip. Muulize swali kwanza, amri baadaye. Adresi zote za mashine hii ni zipi? ip addr. Paketi ya kwenda 8.8.8.8 itatokea mlango gani? ip route get 8.8.8.8, na hii haina ndugu kwenye net-tools, route haikuwahi kujibu swali hilo. Jirani gani wanaonekana? ip neigh, kazi ya arp zamani. Nani anasikiliza kwenye milango ya serveri? ss -tlnp. Mutaona ss ni ya haraka kuliko netstat kwenye serveri yenye maelfu ya mawasiliano, kwa sababu netstat inasoma faili ya maandishi mstari kwa mstari, na ss inauliza kiini moja kwa moja.

Kitu kimoja kidogo kabla hamjakubali kwamba ifconfig haipo. Kwenye Debian, programu hiyo inakaa ndani ya /sbin, fasi ambayo mtumiaji wa kawaida haitafuti. "Commande introuvable" inaweza kuwa na maana kwamba haipo, ao kwamba iko lakini wewe si root. Andikeni /sbin/ifconfig kamili na mutajua. Amri ip iko ndani ya /bin, kila mutu anaiona. Nimeshuhudia mabishano ya saa nzima kwenye labo kwa sababu ya njia hiyo ya herufi tano.

Na kuna nyingine kwenye mstari. Ukuta wa moto wa Linux umebadilisha chombo mara nyingi: ipfwadm wakati wa 2.0, ipchains wakati wa 2.2, iptables wakati wa 2.4 mwaka 2001, kisha nftables iliingia kwenye kiini 3.13, Januari 2014. Safari hii watengenezaji walifanya tofauti. Waliweka amri yenye jina la iptables ambayo ndani yake inaongea na nftables, kusudi skripti zisianguke, na Debian 10 ya Julai 2019 ilianza kuitumia kama kawaida. Kwa hiyo pengine muko munaandika iptables kila siku na hamujui kwamba chini yake injini imebadilishwa. Muandike iptables -V. Kwenye mabano mutaona legacy ao nf_tables. Aliye na serveri ya ofisi aangalie leo, na atuandikie hapa chini ameona neno gani na mashine yake iko na toleo gani.